Bomba la kubebea panya wa maabara, mikia ipumzike sasa

Nyie mnaohudumia panya wadogo maabara, hili bomba la plastiki angavu nalipa nyota nne na nusu. Ni kitu cha kawaida kabisa, wazi pande zote mbili, urefu kama sentimita 13 na upana kama 5, halina betri wala nini, ila kwa panya ni mkombozi.

Maabara nyingi bado wanamnyanyua panya kwa mkia, akikojoa na kuhangaika wanasema ndo tabia yake. Sio tabia, ni hofu! Huyu mnyama huko porini akinyakuliwa ghafla ujue ameliwa. Jane Hurst na Rebecca West wa Chuo Kikuu cha Liverpool walilionyesha hili tangu 2010 kwenye jarida la Nature Methods, panya wa kushikwa mkia wanamkwepa mtu, wa kubebwa kwa bomba au viganja wanamsogelea wenyewe. Halafu 2017 Gouveia na Hurst wakaonyesha kwamba wale wa mkia hata kwenye majaribio hawachunguzi vitu vizuri, kwa hiyo unaweza kudhani panya hana kumbukumbu kumbe anaogopa tu, na data yako ndo imeshaharibika hivyo.

Kutumia ni rahisi, unalilaza ukutani mwa keji, mkono mwingine unamwelekeza taratibu bila kumkimbiza, akiingia unalinyanyua likiwa limelala huku viganja vimeziba pande zote. Mwanzoni wengine wanagoma, vumilia, baadaye ukifungua tu keji kuna anayekuja kuchungulia mdomoni mwa bomba, sharubu zinacheza, na hapo mimi roho yangu inatulia kabisa.

Nusu nyota nimekata kwa sababu plastiki ikipita sana kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu inafifia, na usipomwona panya aliyeko ndani faida kubwa imepotea, watengenezaji waliangalie hilo.

Mnaosema linachelewesha kazi, mkishalizoea tofauti ni ndogo mno. Na msilitoe kwenye keji eti kupunguza vitu vya kuosha, liacheni humohumo, wanajificha ndani na linabaki na harufu yao wenyewe. La kuhamishwa keji hadi keji linabeba harufu ya madume wengine, mimi silipendi, kila keji iwe na lake.