TAHADHARI: "Mashine ya cheche" ya kutoa tepu zilizokatikia kwenye injini. Nimepigwa, msipigwe

Wakuu, hasa nyie wenzangu wenye IST na vigari vingine vya hesabu (malipo ya kila siku) hapa Dar, someni hii kabla hamjamtumia mtu hata mia.

Mwezi uliopita gari lilianza kufoka upande wa ekzosi. Fundi wangu wa Tabata akafungua, akakuta stadi moja ya manifoldi (bolti isiyo na kichwa, inayoshikilia bomba la ekzosi kwenye injini) imekatikia ndani ya silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini. Tukaishusha hedi. Stadi aliitoboa ikatoka vipandevipande, ila nyuzi za tundu zikawa zimeliwa, akasema tupige nyuzi upya. Tepu aliyoichukua, yaani kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, ni ya zile seti za bei chee kwenye kiboksi cha plastiki. Akaizungusha kavu, bila tone la oili, bila kuirudisha nyuma iteme chembe. Robo zamu, robo zamu, tak! Niliisikia mwenyewe nikiwa nimekalia ndoo. Fundi akabaki ameshika mpini, hasemi, anatazama tundu kama limemtukana.

Kwa asiyejua: tepu ni chuma kigumu sana kwa sababu kazi yake ni kukata chuma. Ugumu huohuo unaifanya ikatike kama kioo ukiilazimisha. Na ikishakatikia ndani, biti ya drili ya kawaida haiingii. Inateleza pembeni na kuila alumini, na hedi ya IST ni alumini, laini. Kile kifaa chenye nyuzi za kinyume cha kutolea bolti nacho hakisaidii, kwa sababu hupati pa kutoboa ukichomeke. Ukiking'ang'aniza nacho kinakatika, unakuwa na misiba miwili kwenye tundu moja. Fundi wangu, ambaye kosa lilikuwa lake lakini ni mkweli, akasema: "Kaka, hii imenizidi. Tafuta watu wa mashine."

Nikaingia mtandaoni. Tangazo likaja lenyewe: "Tunatoa tepu, plagi na bolti zilizokatikia, kwa mashine ya cheche, bila kuharibu hedi." Na hapa mnielewe vizuri, mashine hiyo ipo kweli duniani. Inatumia umeme: ncha ya shaba au ya grafiti inasogezwa karibu na tepu, kimiminika kinapita katikati, cheche zinakula chuma kidogokidogo bila nguvu yoyote kwenye kuta za tundu. Kiini cha tepu kikishaliwa, vipande vya pembeni vinalegea vyenyewe. Nilikuwa nimeshawahi kuiona kwenye video, ndiyo maana niliingizwa mjini kirahisi. Mwenye tangazo angesema anatoa kwa dawa ya mganga nisingempelekea.

Bei laki moja na nusu, laki ya kutangulia. Lipa namba hana, akanipa namba ya kawaida ya simu, na jina lililotokea kwenye muamala ni la mwanamke. "Ni la mhasibu wetu, bosi." Tukakutana Ilala barabarani, hedi ikapakiwa kwenye bodaboda mbele ya macho yangu. Nikauliza kwa nini nisiende naye nione kazi. "Mashine iko godauni, bosi, hawaruhusu wateja, mambo ya usalama." Nikakubali. Siku hiyo nilikuwa na siku ya tatu bila hesabu, na mtu mwenye deni huwa anaamini haraka.

Kesho yake jioni hedi ikarudi. Imeoshwa, inang'aa, na kwenye lile tundu kuna stadi mpya imesimama wima. Nikafurahi kama mjinga. Akaniambia neno ambalo leo nikilikumbuka nacheka kwa hasira: "Hiyo stadi msiiguse, tumeshaipima, mkiilegeza tutakuwa hatuna garantii." Nikamalizia elfu hamsini.

Tukafunga. Gasketi mpya, oili mpya, mchana kutwa kwa kazi ya hedi. Siku ya pili, Barabara ya Mandela, nikitokea Buguruni, mlio uleule ukarudi, safari hii na harufu ya moshi ndani ya gari. Abiria akashusha kioo bila kuniambia kitu. Nilipofika kijiweni fundi akaingiza mkono kule nyuma ya injini, nati ikatoka na stadi yake kwa vidole viwili. Vidole viwili, jamani.

Tukaiweka kwenye kiganja. Ilikuwa imekatwa kwa grainda, sehemu ya kuingia ndani haizidi ukucha wa kidole gumba. Imezungushiwa gundi ya chuma, ile ya kijivu ya kuchanganya mirija miwili, halafu juu imepakwa rangi ya fedha ifanane na hedi. Tukamulika tundu kwa simu: tepu yetu bado imekaa palepale, inametameta. Hakuna aliyewahi hata kuigusa. Nimelipa laki na nusu kuoshewa hedi na kubandikiwa stadi.

Nilipompigia, kwanza akasema hayo ni makosa ya fundi wangu kukaza kupita kiasi. Nikamtumia picha ya gundi. Tiki mbili za bluu, kisha picha yake ya wasifu ikatoweka. Kijiweni nikakuta mwenzangu wa Noah naye alilizwa na mtindo unaofanana, ila yeye aliambiwa hedi "imepasuka" na akauziwa nyingine ya mtumba. Hedi yake ya kwanza hakuiona tena. Kama ilipasuka kweli au ilipata mteja mwingine, hesabuni wenyewe.

Nimefungua RB (taarifa ya polisi) kituoni na namba nimeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kutuma ujumbe 15040. Risiti ya EFD sina, maandishi sina. Ushahidi wangu ni ujumbe wa muamala na hiyo stadi kwenye mfuko wa nailoni.

Sasa tepu mwishowe ilitokaje? Nilielekezwa kwa mzee mmoja fundi mashine, Vingunguti. Hana mashine ya cheche na wala hakujidai anayo. Akaifunga hedi kwenye mashine ya milingi, ile ya kuchongea chuma, ikawa haitikisiki, akatumia biti ya kabaidi, ambayo inakata tepu lakini ukiitikisa kidogo tu nayo inavunjika. Alikula kiini taratibu, vipande akavichokoa kwa msumari na sumaku. Tundu lilikuwa limeshapanuka, akalivisha helikoili, yaani koili ya waya inayokaa kama nyuzi mpya, ikarudi milimita 8 kama kawaida. Nilikaa pale pale nikiangalia, akaniletea hata chai. Aliniambia pia kwamba kwenye vitu vidogo vya alumini vitupu, kama kava, tepu hutolewa hata kwa kuchemshia kwenye maji ya shabu, hii hii ya vinyozi. Shabu inakula chuma polepole na kuiacha alumini. Ila si hedi nzima, kwa sababu viti vya valvu ni chuma, navyo vitaliwa. Na kwenye bloku ya chuma cha kusubu ndiyo kabisa usijaribu.

Kwa hiyo yeyote atakayepeleka kazi ya aina hii: pokea tundu likiwa TUPU. Akikurudishia stadi au bolti imeshafungwa ndani, mwambie aitoe mbele yako. Ingiza njiti ya kiberiti upime kina, ilinganishe na tundu la jirani. Kisha fungia bolti yako mwenyewe kwa vidole, ishuke hadi chini bila spana. Anayekataa hivyo, beba hedi yako uondoke. Na mashine usiyoruhusiwa kuiona, hesabu kwamba haipo. Tepu iliyovunjika omba uondoke nayo, hata kama ni vumbi na vipande viwili.

Namba yake siweki hapa kwa sababu anabadilisha, na inayofuata huenda ikawa ya mtu asiye na hatia. Mtambueni kwa picha: silinda hedi imelala juu ya kitambaa chekundu, pembeni kuna glovu moja ya bluu, ya mkono wa kushoto. Jana usiku nimeiona tena, kwa jina jipya, bei imeshuka laki na ishirini.