Kijitabu cha kanuni za masomo chuoni kwetu: nyota tatu kwa tano

Nilikichapisha steshenari moja hapa Ligula, Mtwara, kurasa 64 kwa shilingi 100 kila moja. Dada kapiga stepla upande wa kulia, kwa hiyo ukikifungua kinafunguka kama msahafu. Sawa tu, kinasomeka.

Jedwali la alama wamelipanga vizuri. A inaanzia 70, C inaanzia 40. GPA, yaani wastani wa alama zako zote, ikiwa 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 ni la pili la juu. Krediti moja ni saa 10 za kazi, na humo wamehesabu hata kujisomea mwenyewe gheto. Shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Nilimpigia simu mzee wangu kule Newala kumweleza, akaniuliza, "Hizo 360 zinapimwa mnadani kama korosho?"

Nyota mbili nimezikata kwa sababu ya habari ya sapu, yaani mtihani wa marudio ukifeli. Somo la Takwimu nilipata 38. Sapu nikakomaa, nikapata 67, nikajua hiyo ni B+ kabisa. Matokeo yanatoka: C. Nikaenda ofisini kwa hasira. Mama wa dirishani hakubishana nami, kafunua ukurasa wa 41, kaweka kidole: ukifaulu sapu unapewa C, hata upate 90. Aya yenyewe mistari miwili, haina hata kichwa cha habari! GPA yangu ikaishia 3.4.

Nakala yangu wanayo mwaka wa kwanza, wanatoa kopi. Ukurasa wa 41 nimeupigia mstari mwekundu.