Injini nyota tano, waya nyota moja: gereji iliyofufua Land Rover ya guka

Tangu nionekane na hii Landi ya guka, yaani babu yangu, hapo Kenyatta Avenue nimeulizwa swali moja na watu kama kumi, nani alikutengenezea, basi wacha niandike mara moja nimalize. Gereji iko Nakuru, upande wa Industrial Area, ni ya mabati na haina hata bango. Jina sitaji juu nitasifu alafu nitalalamika, na mambo ya kulalamika nimeshamwambia mwenyewe usoni.

Gari yenyewe ni Land Rover Series III, ile ndefu ya 109 (inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), pikapu, petroli, injini ya lita 2.25. Namba zake ni zile za zamani, herufi tatu na tarakimu tatu basi, hakuna herufi mwishoni. Guka alikuwa anabeba nayo magunia ya pareto, yale maua ya dawa ya wadudu, kutoka Molo mpaka kiwanda cha Pyrethrum Board hapa Nakuru, pareto ilipokufa ikabeba viazi, viazi vikikosa bei ikabeba watu wa harusi. 2009 breki zikakataa kabisa, guka akaisukuma ndani ya ile stoo ya kukaushia pareto akasema ataishughulikia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miaka 14.

Tulipofungua stoo kuku walikuwa wanataga kwa siti ya dereva. Binamu yangu tayari alikuwa amekuja na Probox, ile Toyota ndogo, na waya za kuchajia, anataka tuunganishe betri tupige stata tuone kama itashika. Bahati nikapiga simu kwanza kwa huyu fundi, nilikuwa nimepewa namba yake na jamaa wa lori, na kitu ya kwanza aliniambia ni, "Kijana, usiguse hiyo ufunguo. Leta gari." Hapo tu ndo alipata nyota yake ya kwanza, juu binamu alikuwa ashakaa ndani.

Tukailetea brekidauni ya kuivuta, ikapita Elburgon na Njoro polepole, shilingi 9,000. Kufika pale gereji kila mtu akawa mshauri. Toa hiyo injini uweke ya Nissan TD27, toa uweke 4JB1 ya Isuzu, zote za dizeli, hii itakumaliza na petroli. Na si uongo, Landi nyingi za huku hazina tena injini zao, ukifungua boneti unapata dizeli ya kanta, yale malori madogo. Fundi mkuu, mzee wa kama miaka sitini hivi na miwani imefungwa na kamba ya kiatu, aliwaacha waongee mpaka wakachoka alafu akaniuliza kama nataka gari ya kazi ama nataka gari ya guka. Nikasema ya guka. Akasema basi injini inakaa.

Sasa sikiza venye alifanya. Alitoa plagi zote nne, akachanganya dizeli na ile oili nyekundu ya gia za otomatiki, akamimina kidogo kidogo kwa kila silinda, akafunika na kitambaa, akaenda kushughulika na kanta ya mtu. Nilirudi Jumamosi nikitarajia nipate moto umewaka, nikapata mzee anakunywa chai na gari iko vile vile. Nikakasirika kidogo, sitadanganya. Akanieleza kwamba gari ikikaa miaka hiyo yote ringi za pistoni zinashikana na silinda na kutu, ukilazimisha na stata unavunja ringi ama unakwaruza silinda, na hapo sasa hiyo TD27 wanayokuambia utainunua kwa lazima. Injini ikiwa imelala, alisema, inaamshwa kama mgonjwa, si kama mwizi.

Siku ya tano akachukua hendeli. Kwa wale hawajui, hizi gari zina shimo kwa bampa la mbele unapitisha chuma unazungusha injini na mkono. Akaniita nione. Alishika hendeli na vidole vyote upande mmoja, gumba likiwa pamoja na wengine, akasema ukizungushia gumba na injini irudishe teke utaenda kufungwa plasta. Akaweka uzito, hakuna kitu. Akaachilia, akaweka tena, hakuna. Mara ya tatu ikatoa sauti kama mtu amevunja muwa na hendeli ikashuka robo ya mzunguko. Yule mzee hakusema kitu, alifuta mikono tu, lakini spanaboi wote, wale vijana wasaidizi, walikuwa wameacha kazi wanaangalia. Akazungusha mpaka mara mbili kamili alafu akasema leo imetosha.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu hawajali na kinaua hizi gari. Nati za Series ni za inchi, si za milimita. Fundi wa kawaida ana spana ya 13, anaiweka kwa nati ya nusu inchi, inaingia, anafurahi, kumbe nusu inchi ni 12.7 na hiyo nafasi ndogo inakula kona za nati mpaka inakuwa mviringo kama sumni. Yangu zilikuwa zimeliwa karibu zote upande wa bomba la moshi. Huyu mzee ana boksi la spana za inchi, nusu, 7/16, 9/16, zote zimefungwa kwa kitambaa cha kitenge, na haziazimwi. Kama unampelekea mtu Landi ya zamani muulize kwanza hiyo boksi iko wapi. Akikuonyesha za milimita peke yake geuza gari. Sawa haiwezi kugeuka, lakini umenielewa.

Tanki iko chini ya siti ya dereva. Walipofungua iliyotoka haikuwa petroli tena, ilikuwa nyeusi kama chai ya rangi iliyolala na inanuka kama vanishi ya zamani. Wakaingiza mnyororo mfupi na petroli kidogo, vijana wawili wakalitingisha hilo tanki asubuhi nzima kama wanakoroga busaa, ikatoka kutu ya kujaza kopo la rangi. Kabureta, ile Zenith ya kuchanganya petroli na hewa, iliachiwa msichana mmoja wa poli, chuo cha ufundi, ambaye yuko pale kwa mafunzo. Nilitaka kulalamika, nikanyamaza, na nashukuru nilinyamaza juu ndiye mtu ana mikono misafi kuliko wote. Aliipanga vipande kwa karatasi ya gazeti kwa mpangilio venye vilitoka. Kijana mwingine akaja na waya mwembamba akitaka kuzibua jeti, kale katundu ka kupitisha petroli, msichana akampiga kofi la mkono, akasema shimo la jeti limepimwa, ukilikwaruza gari itakunywa mafuta mpaka ife. Akapuliza na kompresa.

Iliwaka siku ya 19, petroli ikitoka kwa mtungi wa lita tano uliofungwa kwa boneti, hata tanki hawakuwa wamerudisha. Kwanza ikakohoa, alafu ikatema maganda ya mahindi kutoka kwa ekzosi, mengi, juu panya walikuwa wameishi huko vizazi na vizazi, alafu ikashika. Moshi mweupe ukajaa uwanja wote mpaka mama wa chapati akafunika sufuria. Baada ya kama dakika kumi ikatulia. Nimesikia hiyo sauti nikiwa mtoto nikiwa nimekaa juu ya magunia, sitasema zaidi.

Klachi ilikuwa imegandana na flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ukikanyaga gia haziingii. Mtu mwingine angeniambia tushushe gia boksi, siku tatu za kulipia ufundi. Mzee aliinua magurudumu ya nyuma kwa stendi, akaweka gia ya nne, akawasha ikiwa ndani ya gia, akakanyaga klachi akagusa breki ghafla mara mbili tatu. Paa, ikaachana. Bure. Hakunitoza hata shilingi na angeweza kunidanganya, mimi ningejua nini.

Kwa breki hakuwa na mchezo. Hii ya 109 ina silinda ndogo sita, mbili mbili mbele na moja moja nyuma, na mafuta ya breki hunywa maji hewani, kwa hivyo zote zilikuwa zimeoza ndani. Nilimwomba tutengeneze tatu mbovu zaidi, tungoje mwezi ukiisha. Akakataa katakata, akasema gari bila nguvu ya kuwaka inakaa nyumbani, gari bila breki inaenda Salgaa, pale palipojulikana kwa ajali. Spea zikatoka Kirinyaga Road kule Nairobi, zikaja na paseli ya matatu. Mbili kati ya hizo zilikuwa feki, raba ikavuja baada ya siku mbili, akazibadilisha na kazi ya pili hakuitoza. Thermostati pia, kile kifaa cha kudhibiti joto la injini, alikataa kutoa. Mafundi wetu wakiona thermostati wanaitupa kama sumu, yeye anasema Molo asubuhi na hiyo baridi injini haitawahi kupata joto lake na itakula mafuta bure.

Matairi yalikuwa na kashata, yaani meno ya tairi, mpya kabisa, nikafikiri hapo nimeokoa. Akanionyesha zile tarakimu nne kwa ubavu, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalisema 2206. Akakunja ubavu na mguu nikaona nyufa kama matope ya ziwani wakati wa kiangazi. Nne mpya za 7.50-16 zikanitoa 62,000, na hiyo ndo bei iliniuma kuliko zote.

Haya, lawama sasa. Aliniambia wiki tatu, ikawa miezi mitatu na nusu. Injini iliwaka haraka lakini baada ya hapo gari ilikaa pembeni kila mara kanta ya mtu wa mboga ikiingia, juu huyo analipa siku hiyo hiyo. Hiyo naelewa, lakini simu pia hakuwa anashika. Nimewahi kupiga mara nane kwa siku, nikaamua kwenda mwenyewe, nikampata amekaa mita mbili kutoka kwa simu, ati alikuwa ameiacha ichaji. Na chesisi, kule kipande cha kushikilia bodi kilikuwa kimeliwa na kutu, bodi yenyewe ni ya aluminiamu haina shida lakini chini ni chuma, alimpa welda wa jirani bila kuniuliza na bili ya 15,000 nikaiona siku ya mwisho. Kazi ni safi, sikatai. Kuulizwa ndo nilitaka.

Alafu waya. Ole wangu. Panya walikuwa wamekula karibu waya zote, na mzee mwenyewe hafanyi umeme, kuna kijana wa nje anakuja. Sasa waya za hizi gari za Mwingereza zina lugha yake, kahawia inatoka kwa betri na ina moto saa zote, nyeupe ni ya ufunguo, kijani imepita kwa fiuzi, nyekundu ni taa ndogo, buluu ni taa kubwa, nyeusi ni athi, ya kwenda kwa bodi ya gari. Ukijua hiyo hata wewe unaweza kutafuta shida usiku na tochi ya simu. Huyu kijana alinunua roli moja kubwa ya waya nyekundu akafanya gari mzima nayo. Kila kitu nyekundu! Ukifungua dashibodi ni kama matumbo ya mbuzi. 22,000 nililipa kwa hiyo. Fiuzi mbili tu, na moja ilikuwa imefungwa na ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, hiyo niliikuta mwenyewe.

Kwa jumla imenitoka karibu 210,000, na kazi ya mzee peke yake kwa hiyo ni 55,000, ambayo kwangu ni bei ya haki, hata ningeongeza. Inakula lita moja kwa kilomita tano na nusu hivi, nimepima mara mbili. Oili inadondoka kwa gia boksi, matone machache usiku, mzee anasema siku ikiacha kudondoka nijue imeisha.

Nimeirudisha Molo kwa ile ile njia ya Njoro na Elburgon, kilomita 60, 65 kwa saa, ukifika 70 kila kitu ndani kinaanza kuimba. Mvua ilikuwa imenyesha na ile barabara ya kuingia kwetu imekuwa uji, nikasukuma chini kile kijiti cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele nikasikia mbele imeshika, ikapanda bila hasira, nikapita Probox ya binamu imezama kando mpaka nikaona aibu kumpungia mkono. Nikarudi kumvuta, ndio.

Guka alitoka na fimbo akazunguka gari mara moja. Hakuuliza bei. Aliingia kwa dereva, mkono ukaenda kwa choki, ile ya kuwashia injini baridi, bila kuangalia, akaivuta, akawasha, akasikiliza. Alafu akapiga honi na indiketa ya kushoto ikawaka.

Akaniangalia. Nikamwambia nimeshamwita kijana wa waya, amesema anakuja Alhamisi. Hiyo ilikuwa Alhamisi tatu zilizopita.