Bridging Visa B ya Australia: viza iliyonipeleka Mombasa kumuuguza mama na kunirudisha

Nyota nne kati ya tano. Nilitoka nayo Perth kwenda kumuuguza mamangu Mombasa, ombi langu la ukaazi kupitia kwa mume wangu likiwa bado halijaamuliwa, nikarudi nayo salama. Ninaandika kwa sababu kila mara kuna mwenzetu anayeniuliza kama ni kweli ukitoka Australia ombi linakufa. Majibu anayopewa na watu yanamtia hofu bure, au yanamponza.

Hali yenyewe ni hivi. Ukiwa ndani ya Australia na unaomba ukaazi kwa njia ya mume au mke, unaomba viza mbili kwa pamoja: 820 ya muda na 801 ya kudumu. Ada imeshapita dola 9,000 za huko, na ile 801 kwa kawaida huanza kuangaliwa baada ya miaka miwili tangu uombe. Ukishawasilisha ombi unapewa Bridging Visa A, viza ya mpito. Hiyo inakuruhusu kukaa na kufanya kazi ukisubiri, lakini haikupi ruhusa ya kurudi. Siku unapotoka nchini, imekwisha. Ombi lako la 820 linabaki mezani kwao, na wewe uko nje huna viza ya kuingilia.

Bridging Visa B, namba 020, inakupa haki zilezile za A pamoja na muda wa kusafiri. Inaombwa ukiwa bado ndani ya Australia, ukishatoka umechelewa. Mimi nililipa chini ya dola 200. Kuna wakala aliyenitajia bei ya kunijazia fomu, na bei yake ilikuwa mara kadhaa ya ada yenyewe. Nilikataa. Kwa ombi la 820, lenye lundo la ushahidi, wakala mzuri aliyesajiliwa anastahili pesa zake. Kwa B sioni sababu: inajazwa ndani ya ImmiAccount, akaunti ya mtandaoni ya uhamiaji wa Australia, ileile uliyoombea 820, na maswali yake hayana mtego.

Wanachotaka ni sababu nzito ya safari, yenye ushahidi. Niliambatisha barua ya daktari wa mama iliyotaja upasuaji, cheti changu cha kuzaliwa chenye jina lake, na barua niliyoiandika mwenyewe kueleza kuwa mimi ndiye binti mkubwa na nani hasa atakayelala naye hospitali. Hilo la mwisho nililifafanua kwa makusudi. Afisa aliyelelewa kwingine hatajua kwamba kwetu mgonjwa haachiwi wauguzi peke yao, kwamba kuna wa kumuogesha, wa kumpelekea uji, wa kukesha. Mwandikie. Karatasi zangu za Kenya zilikuwa kwa Kiingereza, kwa hivyo sikuwa na shughuli ya tafsiri. Jirani yangu kutoka Bujumbura, ambaye vyeti vyake ni vya Kifaransa, alimlipa mtarjumani mwenye kibali cha NAATI, shirika la Australia linaloidhinisha watafsiri.

Jambo ninalotaka kila mtu alisikie ni hili la tarehe. Unaweza kupewa ruhusa ya safari moja, au ya kutoka na kurudi mara nyingi hadi siku fulani, kulingana na ulivyojieleza. Rafiki yangu alikwenda harusi ya nduguye Malindi. Aliomba siku za harusi tu, akapewa hizo hizo. Babake akazidiwa karibu na siku ya kurudi, naye hakuweza kujiongezea hata wiki, kwa kuwa B haiombwi ukiwa nje. Alimuaga mzazi yuko kitandani. Mimi niliomba safari zaidi ya moja na muda mrefu, nikaeleza kwamba baada ya upasuaji kuna kliniki, na kwamba daktari mwenyewe hawezi kusema mama atasimama lini. Nikakubaliwa. Kwa anayeuguza, safari moja fupi ni hatari. Omba nafasi kubwa na utoe sababu zake waziwazi.

Kingine kinachowasumbua wengi: tarehe iliyoandikwa ni ya mwisho ya kuingia Australia, si ya mwisho ya kukaa. Ukirudi kabla yake, B inaendelea kukulinda ukisubiri uamuzi, hata tarehe hiyo ikipita. Ila ukitaka kutoka tena baada ya hapo, unaomba B mpya na kulipa upya.

Nyota niliyoipunguza ni ya dharura. Ushauri wa serikali ni uombe si zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari na si chini ya wiki mbili. Kwetu pwani mtu akifa asubuhi huzikwa alasiri. Aliye Perth hayawahi maziko hata viza ikitoka papo hapo, kwa hivyo tunachokimbilia ni kumwona mtu angali hai, au kuwahi arobaini. Ningetamani sana mwenye ombi la 820 apewe ruhusa ya kusafiri tangu mwanzo, kwa ada ileile kubwa aliyokwisha kulipa. Mpaka hapo, ukisikia mzazi ameanza kuugua, omba siku hiyohiyo. Usingoje simu ya usiku.

Uwanja wa ndege. Hii viza haibandikwi kwenye pasipoti; iko kwenye kompyuta zao. Wakati wa kurudi, pale Nairobi, mfanyakazi wa shirika la ndege alitafuta stika akaikosa, akaniuliza mkaazi gani hana kadi. Nikampa barua ya kukubaliwa viza, nimeichapisha, mstari wa tarehe nimeupaka rangi, kisha nikamfungulia VEVO kwenye simu, huduma ya mtandaoni inayoonyesha viza yako na masharti yake. Alimwita mkubwa wake, wakasoma, nikapita. Kufika Perth hakuna aliyenisimamisha. Kwa hivyo chapisha ile barua. Usitegemee simu yenye chaji kidogo baada ya usiku wa kwenye treni ya SGR.

Pasipoti yangu ilikuwa inakaribia kwisha, na mama mdogo alinishikilia nibadilishe nikiwa Mombasa maana ni karibu. Nilimwambia hapana. Viza imefungwa kwenye namba ya pasipoti. Ukilazimika kubadilisha, ingiza namba mpya kwenye ImmiAccount kabla ya kupanda ndege.

Kuna wanaohofia kwamba kukaa mbali na mume kutafanya ndoa ionekane ya bandia. Wanaopima ombi huangalia mambo manne: fedha zenu, maisha ya nyumbani, mnavyojulikana kwa watu, na nia yenu ya kudumu. Kumuuguza mzazi hakufuti hata moja. Kodi ya nyumba iliendelea kutoka kwenye akaunti yetu ya pamoja, meseji zetu nilizihifadhi, na mume wangu alinifuata mwishoni, akakaa na mamangu barazani akijaribu Kiswahili chake. Picha hizo niliziongeza kwenye faili la ombi.

820 ikishatoka sitahitaji B tena, kwani mwenye 820 husafiri na kurudi apendavyo hadi uamuzi wa 801. Bado haijatoka. Mama anatembea sasa, alhamdulillahi, lakini ana kliniki nyingine kabla ya Ramadhani, na muda wa safari wa B yangu ya kwanza umepita. Ombi la pili nimeliwasilisha juzi, na nimeomba ruhusa hadi baada ya Idi.