Stabilaiza kwenye hotirodi ya zamani: ipi ununue, na lini uache

Nianze na jibu, maana wengine wataishia hapa. Kama hotirodi yako, yaani gari la zamani lililojengwa upya ili likimbie, ni roadster nyepesi (gari la wazi lisilo na paa la kudumu) yenye ekseli ya mbele ya Ford ya zamani na ile springi yake moja iliyokingama, weka pesa mfukoni: huhitaji stabilaiza, ile nondo ya kuzuia bodi isilale kwenye kona. Kama ni sedani yenye paa la chuma, injini nzito ya V8 mbele na koilova nyuma (shokapu zilizozungukwa na springi yake), endelea kusoma. Gari lako huenda linaihitaji, na ukikosea kuchagua utakuwa na gari baya kuliko lilivyokuwa.

Magari haya hayakuzaliwa na stabilaiza, na sababu yake inaeleweka. Waliozianzisha hotirodi huko kusini mwa California walizikimbiza kwenye sakafu za maziwa makavu kama Muroc, mstari ulionyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Gari lisilokata kona halina haja ya chuma cha kulizuia lisilale. Ndiyo maana ukichungulia chini ya chasisi ya mtindo ule huoni mahali palipoachwa kwa ajili yake: usukani, sampu (bakuli la oili chini ya injini) na ekzosi vimeshajichukulia nafasi.

Stabilaiza yenyewe ni nondo ya chuma cha springi inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, nondo huzunguka kwenye bushi zake na haifanyi lolote. Moja likipanda na jingine likashuka, inasokotwa, na huko kusokotwa ndiko kunakozuia bodi isilale kwenye kona. Faida ni kwamba unaweza kubaki na springi laini. Hasara utaionja pale gurudumu moja tu linapoingia shimoni, kwa sababu lile la pili nalo linavutwa, na kichwa chako kinatupwa huku na huku.

Wanunuzi wengi hawajali unene, nao ndio wenye neno la mwisho. Ugumu wa nondo hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Ukitoka milimita 19 kwenda 25, tofauti inaonekana ndogo ukiishika mkononi, lakini ugumu umeongezeka mara tatu. Urefu wa mikono, yaani ncha zake mbili zilizopindwa, nao una kauli: mkono mfupi huifanya stabilaiza iwe ngumu zaidi. Basi muuzaji anayekutajia kipenyo peke yake amekupa nusu ya habari.

Kwanza lala chini ya gari utazame

Hapa ndipo uamuzi wote ulipo, na hapa ndipo watu wanapopita mbio.

Anza mbele. Ekseli ya zamani ya Ford ina mkato wenye umbo la herufi I, na kiwandani ilishikwa na wishiboni, yaani mikono miwili iliyokutana nyuma kwenye bakuli moja. Wajenzi wa hotirodi huikata wishiboni hiyo katikati na kuifunga kila mkono kwenye reli yake ya chasisi. Kuanzia siku hiyo bodi haiwezi kulala bila kuisokota ekseli yenyewe, kwa sababu mkono mmoja unataka kuizungusha juu na mwingine chini. Ekseli ya umbo la I hukubali kusokotwa kidogo, kisha inarudi. Kwa maneno mengine, gari la namna hiyo tayari lina stabilaiza ya mbele, ila hakuna aliyeinunua kwa jina hilo.

Ekseli ya bomba ni habari nyingine. Bomba halisokoteki kirahisi, kwa hiyo ukilifunga na wishiboni zilizokatwa, nguvu yote inaenda kwenye breketi (vishikizi vya chuma) na kwenye weldi, na siku moja kitu kitapasuka. Bomba linataka rodi nne, mbili kila upande, zinazoiacha ekseli ipande na kushuka bila kusokotwa. Lakini hapo ule ugumu wa bure umeondoka. Mwenye ekseli ya bomba na rodi nne anaweza kuwa na sababu ya kununua stabilaiza, ambayo jirani yake mwenye ekseli ya I hana.

Springi iliyokingama ina sifa ambayo wengi hawaipi haki yake. Ncha zake zinakaa mbali, karibu na magurudumu, na kwenye ekseli ya moja kwa moja ukinzani dhidi ya kulala hufuata mraba wa umbali kati ya springi. Sasa hamia nyuma. Mtu ameweka tairi pana, ikabidi koilova zisogezwe ndani. Umbali uliokuwa sentimita 110 umekuwa 90. Springi ni zilezile, lakini theluthi moja ya ukinzani imekwenda. Gari hilo likilala kwenye kona, mwenyewe hulaumu springi na kununua ngumu zaidi, halafu analalamika kwamba linapiga mgongo.

Kama nyuma kuna mikono mirefu ya kushika difu, ile yenye umbo la ngazi inayofungwa sambamba na kutumika kwenye magari ya mbio fupi za mstari ulionyooka, usinunue stabilaiza ya nyuma. Mikono hiyo tayari inaizuia bodi isilale. Ukiongeza nondo juu yake, unaongeza uzito na breketi za kuvunjika.

Mambo matatu ya kurekebisha kabla ya kulipa

Shokapu. Wajenzi hupenda kuzilaza ili zisionekane au zipate nafasi. Shokapu iliyolazwa digrii 45 kutoka wima hubaki na karibu nusu ya kazi yake. Kwa digrii 30 imebaki na robo tatu. Koilova iliyolazwa hupoteza vivyo hivyo, pamoja na springi yake. Na shokapu inaamua gari lilale kwa kasi gani. Haiamui lilale kiasi gani. Jaribu kwenye kona ndefu yenye mzunguko ule ule: kama gari linadondoka upande mmoja unapoanza kukata halafu linatulia sawa, tatizo ni shokapu. Kama linabaki limelala kona nzima, hapo springi au stabilaiza zina la kujibu.

Rodi ya Panhard. Hii na stabilaiza huchanganywa kila siku, hata na watu wenye miaka mingi gereji. Rodi ya Panhard inazuia chasisi isitelezeke kushoto na kulia juu ya ekseli. Haina kazi ya kuzuia kulala. Gari lenye springi iliyokingama linaning'inia kwenye shekeli, yaani vining'inizi vya ncha za springi, na kama usukani wake unasukuma rodi inayovuka gari kutoka upande hadi upande, kila ukigeuza unaisogeza chasisi kwanza kabla magurudumu hayajageuka. Dereva anasikia gari "linayumba" na kukimbilia stabilaiza. Funga Panhard, iwe sambamba na rodi hiyo ya usukani na iwe na urefu unaokaribiana nayo, na mara nyingi malalamiko yanaisha hapo.

Tairi. Presha yake, na aina yake. Tairi za zamani zisizo za radial hazishiki kona kwa nguvu, kwa hiyo bodi hailali sana. Ukiweka za radial, aina ya kisasa, mshiko unaongezeka na gari ambalo halikuwahi kulala linaanza. Hakuna kilichoharibika.

Mpangilio wangu, kuanzia bora

Nafasi ya kwanza: kutofunga. Sisemi kwa mzaha. Roadster ya Ford ya 1932, Ford Model T ya bodi ndogo, au gari lolote lisilofika tani moja, lililo chini, lenye ekseli ya I na wishiboni iliyokatwa, halitapata faida utakayoisikia. Nunua shokapu nzuri.

Nafasi ya pili: stabilaiza ya nyuma, nyembamba, kwa gari lenye rodi nne na koilova. Milimita 19 hivi inatosha kuanzia. Sababu yangu ni hii: hotirodi nyingi zina tairi pana nyuma na nyembamba mbele, kwa hiyo pua ndiyo inayotangulia kukataa kona. Ugumu kidogo nyuma unarudisha uwiano. Nasisitiza kidogo. Ukinunua nene, mkia utaanza kuponyoka, na gari la 1932 lina milimita 2,692 tu kutoka ekseli hadi ekseli, kwa hiyo likianza kuzunguka halikupi muda wa kufikiri. Jambo jingine: stabilaiza ngumu ya nyuma hulinyanyua gurudumu la ndani kwenye kona, na kama difu yako ni ya kawaida isiyojifunga, gurudumu hilo litazunguka hewani unapokanyaga mafuta ukitoka kwenye kona.

Nafasi ya tatu: ya mbele, kwa gari lenye sasipensheni huru mbele, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake. Mfumo wa mtindo wa Mustang II, gari la Ford lililotoka kati ya 1974 na 1978, ndio unaofungwa zaidi kwenye hotirodi, na seti za stabilaiza zake zipo tayari. Sedani au kupe yenye injini kubwa ikikaa juu ya mfumo huu hulala waziwazi, na nondo ya mbele inaiweka sawa. Madhara yake ni kwamba pua huwa nzito zaidi kuingia kona, ila dereva wa kawaida hupunguza mwendo na gari linamtii. Ukinibana nichague kati ya kosa hili na lile la mkia kuponyoka, sitasita kuchagua hili. Kwa nini basi imeshika ya tatu? Kwa sababu kwenye ekseli ya moja kwa moja, ambayo ndiyo wengi wanayo, ya mbele ni shida kuifunga: rodi ya usukani inapita hapo hapo, na sampu iko juu yake.

Nafasi ya nne: mbele na nyuma kwa pamoja. Inawafaa wenye sedani au pikapu wanaosafiri mbali na kubeba watu. Chukua seti iliyotengenezwa kwa chasisi yako na mtengenezaji mmoja, maana kuoanisha mbele na nyuma ndiko unakolipia. Kununua ya mbele huku na ya nyuma kule ni kubahatisha.

Nafasi ya tano: zile za mbio, nondo iliyotobolewa katikati, mikono inayochomolewa, matundu kadhaa ya kurekebisha ugumu. Ni vitu vizuri kwa kuvitazama. Nondo ya milimita 25 yenye tundu la 16 hupoteza asilimia 17 hivi ya ugumu lakini inapungua uzito kwa asilimia 41, kwa hiyo hesabu yake ina maana. Lakini viungo vyake ni vya chuma kwa chuma, vinalia, vinakula vumbi na kulegea. Kama hushindani kwenye viwanja vya kona, unalipia marekebisho utakayoyafanya mara moja ukasahau.

Mwisho kabisa: nondo ya gari jingine kutoka kwa wauza vipuri vilivyotumika. Inawezekana, kama upana na mikono vinaendana kama vilivyo. Haviendani mara nyingi, na hapo ndipo fundi anapowasha moto aipinde. Chuma cha springi kikichomwa kimepoteza kile ulichokinunulia. Usikichome, usikitoboe, usikiwekee weldi.

Ukishaamua kununua

Uliza breketi zinashikaje kwenye ekseli. Zinazobana kwa bolti za U ndizo za kuchukua. Ekseli ya mbele ya chuma kilichofuliwa si ya kuwekewa weldi na mtu yeyote anayekuambia "hii ndogo tu". Bushi za mpira ni kimya. Za polyurethane hudumu na kukaza zaidi, ila zinataka grisi, la sivyo zitalia kila tuta. Linki, yaani vijiti vinavyounganisha ncha za nondo na chasisi au ekseli, ziwe za kurefushwa na kufupishwa, kwa sababu gari lililojengwa kwa mikono halilingani pande mbili, hata kama aliyelijenga ataapa kwamba linalingana.

Pima nafasi gari likiwa limeshushwa hadi mwisho wa safari ya springi, na usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kila upande. Nyuma, angalia propela shafti, tangi na ekzosi. Kisha kaza linki magurudumu yote manne yakiwa chini, dereva akiwa ndani kama anavyokaa siku zote. Mikono ielekee kuwa na pembe ya mraba na linki. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, nondo itabaki imesokotwa tangu mwanzo, na gari litakata kushoto tofauti na kulia.

Kisha endesha ile kona ndefu uliyoijaribia mwanzoni. Rudi, fungua linki ya upande mmoja, ifunge kwa waya mbali na gurudumu na usukani, uende tena polepole kwenye kona ileile. Kama huoni tofauti, vua stabilaiza yote uiuze ikiwa bado mpya.