Gunia la sukuma wiki: kwa ploti isiyo na shamba, linafaa

Hili gunia lenye matundu ubavuni nililinunua kwenye agroveti hapa Kibera. Katikati unasimamisha mkebe usio na kitako, unaujaza kokoto, unazungushia udongo wenye samadi, kisha unauvuta juu kidogo kidogo huku ukiongeza. Zile kokoto ndizo zinazopitisha maji; bila hizo, miche ya chini inakauka yote. Sukuma yangu imeshika, majani mapana, na maji niliyooshea mchele hayamwagwi tena. Tangu 2008, shirika la Solidarités lilipoyaeneza hapa, magunia haya yamelisha nyumba nyingi sana.

Lawama yangu ni gunia lenyewe: upande unaopigwa na jua umeshaanza kuchanika. Kwa bei ile, watengenezaji watumie nyuzi ngumu zaidi.