Nimelipia ripoti za Bodi ya Elimu ya Bombay, majedwali yamebaki kwenye mkunjo

Wameskani jedwali likiwa limekunjwa. Hasira yangu yote iko hapo. Huduma moja ya nyaraka mtandaoni inauza seti nzima ya ripoti za Bodi ya Elimu ya Bombay (Mumbai ya leo, India), iliyosimamia shule za serikali enzi za Waingereza, kuanzia Bodi ilipoundwa 1840 hadi idara ya serikali ilipochukua nafasi yake 1855. Ukifika kwenye nyongeza, unakutana na ukanda wa karatasi wenye majina ya shule. Wanafunzi wangapi, tabaka gani, mwalimu alilipwa rupia ngapi, hayo yote yamefunikwa.

Najua kosa linavyotokea. Majedwali makubwa hubandikwa kitabuni bila namba ya ukurasa, kwa hiyo anayekagua kwa kufuata namba haoni pengo lolote. Kulikunjua kunataka kukitoa kitabu kwenye mashine, kuitandaza karatasi mezani, kisha kupiga picha mbili au tatu zinazopishana kidogo ili ziunganike. Ni kazi ya dakika chache!

Malalamiko yangu yalijibiwa baada ya siku kadhaa: hizo ni nyongeza tu, mtafiti makini husoma maandishi. Mtafiti makini? Mwaka 1847 Bodi hiyo iligawanyika. Mwenyekiti Erskine Perry alishikilia kwamba fedha ni chache, basi zisomeshe wachache wa tabaka la juu, na kwa Kiingereza. Mjumbe mwenzake Mwingereza, Jervis, akatetea lugha za wenyeji, na wajumbe wote watatu Wahindi, Jagannath Shankarsheth akiwemo, wakasimama upande wake. Bila safu za wanafunzi na mishahara utampimaje Perry? Utabaki na kauli yake mwenyewe, naye ndiye aliyekuwa na kiti.

Nilikusudia kuandika msinunue kabisa. Lakini haki isemwe: kurasa za kawaida zimeskaniwa vizuri kupita nilivyotarajia, tanbihi ndogo zinasomeka na pembezoni hapakukatwa. Kwa anayefuata hoja peke yake, fedha yake haikupotea.

Utafutaji wa maneno una mtego wake. Ukiandika Shankarsheth hupati kitu, jaribu Sunkersett. Pune ni Poona, Ratnagiri ni Rutnagherry, Ahmednagar ni Ahmednuggur, Thane ni Tanna. Tahajia ni ya makarani wa zama zile, siwalaumu wauzaji, ila orodha ya ukurasa mmoja ingemwokolea mnunuzi siku nzima. Na wanaofuatilia Waafrika waliookolewa utumwani wakasomeshwa Nashik, India, ambao baadhi yao walikuja Frere Town, makazi ya watumwa walioachiliwa huru huko Mombasa, miaka ya 1870, wasitegemee kuwakuta humu. Shule ile ilikuwa ya wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana, si ya Bodi.

Kabla ya kulipa, ombeni sampuli ya nyongeza, msikubali ukurasa wa mwanzo. Ukiona karatasi nyembamba yenye kivuli upande mmoja na mistari ya safu inayoishia hewani, hilo ni jedwali lililofungwa. Dai likunjuliwe kwanza.

Nyota tatu, kwa ajili ya maandishi. Hapana, mbili. Nimefungua tena ripoti mojawapo ya mwishomwisho: jedwali limekunjwa mara tatu, na pembeni kinaonekana kidole cha mpiga picha kimelishikilia lisifunguke.